Kabla ya Kiyoyozi, Tuangalie Paa

Likizo iliyopita nilifika Wete nikakuta kikao ukumbini kwa bibi. Mjomba kauza karafuu, anataka kununua kiyoyozi cha chumba cha mbele, na wote wakanigeukia mimi, eti ndiye msomi. Nikasema, "Mjomba, naomba uniwie radhi, lakini hapana."

Nyumba yenyewe ni ya zamani, viambaza vya miti na udongo, vinene, vimepakwa chokaa. Nilipokuwa mdogo iliezekwa makuti, na mchana tulilala ndani bila feni. Likaja bati. Silisemi vibaya bati, kwani nani anataka kununua makuti kila baada ya miaka michache? Lakini bati likipigwa na jua la saa sita, joto lote linakushukia kichwani. Halafu tukaziba matundu ya juu ya ukuta kwa ajili ya panya, na kipenu cha upande wa magharibi tukakivunja. Yaani nyumba tumeitia joto wenyewe, sasa tunataka umeme uje kuitoa.

Na umeme ni pesa. Feni ya dari inakula kama wati 70, kiyoyozi kidogo kama wati 1,000. Feni ikizunguka saa nane haimalizi hata yuniti moja, kiyoyozi kikifanya kazi mfululizo muda huo kinafika yuniti nane. Kweli, kiyoyozi hupumzika chumba kikipoa. Lakini chumba hiki kitapoa lini, na bati liko juu yake? Tena kiyoyozi kinataka chumba kizibwe, na nyumba hizi zilijengwa ili upepo upite. Wazungu wanaziba nyumba zao kwa sababu ya baridi. Sisi baridi hiyo hatuna.

Wapo wanaosema umeme si tatizo tena, tangu 2010 unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, majenereta ya Wesha yamebaki hadithi. Sawa, lakini mita haijui umeme umetoka wapi.

Ningeanza na dari, hata ya mikeka, iachwe nafasi chini ya bati na matundu pande mbili joto litoke. Bati lipakwe rangi nyeupe. Kipenu kirudi. Matundu yafunguliwe, yawekwe wavu. Na friji la bibi: bana karatasi mlangoni, ukiivuta ikatoka kirahisi, mpira umekwisha.

Sisi wa mageto tuna kesi ngumu zaidi. Paa ni la mwenye nyumba, yuniti tunanunua sisi, kwa hiyo yeye haumwi na joto. Mimi naona tumwendee kwa adabu: anunue mbao, kazi tufanye sisi, kodi isipande mwaka huo. Wengine watakataa. Tujaribu.

Mjomba hakukubali yote. Kasema dari kwanza, tuone kaskazi itakuwaje. Bei ya kiyoyozi bado anaiulizia.