Kuvunja Nyumba Usiku: Kosa Linalotimia Hata Pasipo Kitu Kuibwa

Mtu akiamka akute kufuli limekatwa na mlango u wazi, jambo la kwanza afanyalo ni kuhesabu mali. Akiona kila kitu kipo, hushukuru Mungu, akanunua kufuli jipya na kuendelea na shughuli zake. Majirani nao humliwaza kwamba hakuibiwa. Kwa lugha ya kila siku, wasemayo ni kweli. Kwa mujibu wa sheria za Kenya, hata hivyo, huenda kosa lenye adhabu ya kifungo cha hadi miaka 10 limekwisha kutendeka.

Kosa hilo limo katika kifungu cha 304 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Mtu anayevunja na kuingia katika jengo, hema au chombo cha majini kinachotumiwa kuwa makao ya binadamu, akiwa na nia ya kutenda kosa kubwa la jinai humo, ana hatia ya kuvunja nyumba na anaweza kufungwa miaka 7. Tendo hilo hilo likifanyika usiku hupata jina jingine, ambalo katika hati za mashtaka za Kiingereza ni “burglary”, na adhabu hupanda hadi miaka 10. Kisheria, usiku ni kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa kosa hilo. Wengi wetu husema “wizi”, na hapo ndipo maana inapopotea. Wizi hutazama mali: ni nini kilichochukuliwa, na ni cha nani. Kuvunja nyumba hutazama makao. Sheria inalinda kwanza usalama wa mtu mahali anapolala, nayo haingoji kitu kitoke nje ya mlango ndipo iseme kuwa kosa limetimia. Wizi wa mabavu nao ni jambo jingine, kwa kuwa msingi wake ni nguvu au vitisho dhidi ya mtu.

Tofauti ya usiku na mchana tuliirithi. Mwanasheria wa Uingereza Edward Coke, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1644, aliliweka giza la usiku kuwa sehemu ya kosa lenyewe. Kanuni yetu ya Adhabu, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1930, ilifuata mkondo huo. Uingereza yenyewe iliuacha mpaka huo wa saa kwa Sheria ya Wizi ya mwaka 1968, lakini Kenya imeuhifadhi. Hoja yake ni rahisi kueleweka: usiku wenye nyumba wamelala, hawawezi kujihami kwa urahisi, na ni vigumu kumtambua aliyeingia.

Neno “kuvunja” nalo lina maana pana kuliko kubomoa. Kifungu cha 303 kinaeleza kuwa kufungua mlango au dirisha lililofungwa, hata kwa kusukuma au kuinua tu, ni kuvunja. Anayejifanya fundi wa stima ili afunguliwe, au anayekula njama na mtu aliye ndani, huhesabiwa kuwa amevunja na kuingia. Kuingia nako hutimia pale sehemu yoyote ya mwili, au ya kifaa anachotumia, inapopita ndani. Mkono uliopenyezwa dirishani unatosha. Aliyepita mlango uliokuwa wazi kabisa hushtakiwa chini ya kifungu cha 305, chenye adhabu nafuu zaidi. Na maduka, shule, ghala na ofisi vina vifungu vyake.

Kwa sababu hizo, maneno ya mlalamishi kituoni yana uzito. Anayeandikisha “nimeibiwa” pekee huenda akayaacha nje mambo ambayo mahakama itayahitaji. Ni vyema aeleze mlango au dirisha lilikuwa katika hali gani kabla ya tukio, ilikuwa yapata saa ngapi, ni nani hulala humo, na ni dalili gani zinaonyesha nia ya aliyeingia. Alama za kuvunjwa zisiguswe kabla ya maafisa kufika, na nambari ya tukio katika kitabu cha polisi, yaani OB, ihifadhiwe.

Usahihi huo humlinda mshukiwa pia. Ibara ya 50 ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya kudhaniwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, na ya kuelezwa shtaka lake kwa kina cha kutosha. Kelele za “mwizi!” mtaani hazitofautishi aliyevunja mlango, aliyepotea njia na aliyesingiziwa. Kazi ya kuwatofautisha ni ya mahakama, si ya umati.

Wananchi wanahimizwa kuripoti kila tukio la kuvunjiwa nyumba, hata pale ambapo hakuna mali iliyopotea, katika kituo cha polisi kilicho karibu au, panapokuwa na dharura, kwa kupiga simu 999 au 112.