Abebaye Ndoo Ashike na Kalamu

Sanya Juu, makao makuu ya Wilaya ya Siha, iko upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro, ambako mvua ni haba kuliko Machame au Marangu. Mkulima mdogo wa huku hulima mahindi, maharage na viazi, hufuga ng'ombe bandani, na hutegemea maji yanayoteremka mlimani kwa mfongo, yaani mfereji wa jadi, au kwa bomba la mserereko. Chakula chake huiva kwa kuni. Maji hayo na kuni hizo, vikishatoka bombani na porini, hufika jikoni kwa kichwa na mgongo wa mwanamke. Lakini wakati wa kupanga zamu za kumwagilia, kununua pampu au kuuza ng'ombe, neno la mwisho kwa kawaida huwa la mwanamume. Naamini usawa wa kijinsia katika kilimo haupimwi kwa idadi ya wanawake waliohudhuria mkutano. Unapimwa kwa kuangalia nani anaamua, na saa za nani zinaokolewa.

Wapo watakaosema mifongo ilichimbwa na wanaume wa koo, vizazi kwa vizazi, hivyo wao ndio wenye haki ya kuisimamia. Jasho lao linastahili heshima, na ufundi wa kuyaongoza maji ubavuni mwa mlima bila mashine ni fahari ya Wachaga wote. Hata hivyo, maji ya mfongo hayaishii tena kwenye kahawa, zao lililohesabiwa kuwa la baba. Yananywesha pia mboga, maharage, migomba na majani ya ng'ombe, kazi ambazo kwa sehemu kubwa ziko mikononi mwa mama. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayatambua maji kuwa mali ya umma. Aliyechimba mfereji ana heshima ya mfereji. Hana hati ya kumiliki mvua na theluji ya mlima.

Upande wa nishati, ukanda wa msitu wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na mbao uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005. Kuulinda msitu ni sahihi, kwa kuwa ndio unaotunza chemchemi zetu. Lakini kufunga msitu bila kufungua njia nyingine ya kupikia ni kumrefushia mwanamke safari. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 umelenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na kwa kaya yenye ng'ombe, gesi ya samadi ni njia mojawapo nzuri. Ila samadi huchanganywa na maji kwa kiasi kinachokaribiana. Mtambo ukijengwa mahali pasipo na bomba, mwanamke anatuliwa kuni mgongoni na kutwishwa ndoo kichwani. Na mume akiuza ng'ombe bila kushauriana na mkewe, moto unazimika. Ndiyo maana lazima maji, nishati na mamlaka ya nyumbani vipangwe pamoja.

Wengine husema familia ni moja, na baba akiamua ameamulia wote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: asiyechota maji hawezi kujua kwamba zamu ya usiku wa manane ni mzigo mzito kwa mjane anayelea watoto peke yake. Tena hasara ni ya wote. Ripoti ya mwaka 2015 ya Benki ya Dunia na mashirika ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba kuziba pengo la tija kati ya wakulima wanawake na wanaume nchini kungewatoa katika umaskini watu wapatao 80,000 kila mwaka. Na tija haipandi kama nusu ya siku inaishia njiani.

Husemwa pia kwamba sheria zipo tayari. Ni kweli, nazo zinatufundisha kwamba tarakimu ina nguvu kuliko nasaha: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka wanawake wasiopungua 3 kati ya wajumbe 7 wa baraza la ardhi la kijiji. Vyombo vya watumia maji na kamati za mifongo vifuate mfano huo, na mwanamke awe mwenyekiti au mweka hazina, si mjumbe wa kujaza nafasi. Zamu za mchana zianze na kaya zinazoongozwa na wanawake. Mkopo wa pampu au mtambo wa gesi usainiwe na mume na mke, na vikao vipangwe saa ambazo mama hayuko kisimani wala jikoni. Mwanamume naye abebe ndoo, maana mwenye kuujua uzito wake hupanga maji kwa haki. Mwaka 2034 ukifika, tuhesabu majiko yaliyogawiwa, kisha tuhesabu na saa ambazo mama wa Sanya Juu amerudishiwa.