Bustani ya Nyumbani: Kupunguza Miche ya Spinachi

Mwezi huu twataka kunena habari za spinachi, kwa maana walimu na akina mama wa Daa na pande nyingine za Karatu hutuambia ya kwamba mbegu zao zaota vizuri, kisha mboga hazikui. Hubaki na majani membamba, na mwisho hugeuka manjano. Wengine hulaumu mbegu ya dukani. Sisi twaona mara nyingi mbegu haina kosa. Hupandwa kama mchicha, na miche ikiisha kuota, hapana mtu athubutuye kuing'oa.

Mboga hiyo yenye majani mapana na shina nene jeupe, tuinunuayo sokoni kwa jina la spinachi, si spinachi ile ya Ulaya; ni ndugu yake bitiruti, na mbegu zao zafanana sana. Twaa mbegu moja uiweke kiganjani. Haikuwa laini na ya mviringo kama ya kabichi, bali ni kibonge kikavu chenye mikunjo, na ndani yake mna mbegu mbili, tatu, hata nne. Basi hata mtu apandaye moja moja kwa uangalifu ataona miche miwili mitatu yatoka mahali pamoja, mizizi imekumbatiana. Je, yule amwagaye konzi nzima?

Loweka mbegu usiku mmoja. Tuta liwe na samadi iliyooza barabara. Chora mistari, utie mbegu kina cha upana wa kidole kimoja, kila moja mbali na mwenzake kiasi cha vidole vinne au vitano. Katika siku saba au kumi na nne miche hutokea. Wakati wa baridi ya Juni na Julai hukawia, wala usifukue kutazama.

Miche ikiisha kuwa na majani mawili au matatu ya kweli, mbali na yale mawili ya kwanza, ndipo kazi yenyewe. Katika kila fungu chagua mmoja ulio imara, na iliyosalia uikate kwa mkasi au kwa ukucha karibu na ardhi. Usiivute, kwa maana utaung'oa na ule uliouchagua. Baada ya majuma mawili au matatu punguza tena, hata kati ya mche na mche iwe shubiri moja na zaidi kidogo, yaani sentimeta 30 hivi. Mara hii ya pili iliyo mikubwa yaweza kung'olewa pamoja na udongo wake, jioni tuta likiisha kunyweshwa, na kuziba mapengo. Iliyobaki ni mboga tayari. Ichemshe pamoja na mnavu.

Twajua kazi hii huwa nzito moyoni. Mama aliyeona njaa hapendi kukata kitu kibichi kilicho hai, na watoto wa shule hulalamika mwalimu akiwaamuru. Lakini fikirini habari za maji. Masika yakiisha mwezi wa Mei, kiangazi huku kwetu huendelea hata Oktoba au zaidi, na maji huletwa kwa punda au kwa mgongo. Miche arobaini iliyosongamana hunywa ndoo ile ile ambayo ingaliitosha kumi, kisha haimpi mtoto hata sahani moja. Mwenye kumi iliyo na nafasi huanza kuchuma baada ya miezi miwili hivi, naye huendelea miezi mingi, mradi achume majani ya nje tu na kuuacha moyo wa mche.

Majani makavu yatandazwe juu ya udongo, kwa kuwa upepo wa huku hukausha upesi. Asubuhi ukikuta mche umekatwa shinani, fukua kando yake: sota yumo, amejikunja. Habari za mbuzi hatuna haja ya kusema; ua wa miiba, na uwe mrefu.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutanena habari za vitunguu, hasa kwa ndugu zetu wa Mang'ola.