Makombo ya Sinia na Haki ya Jirani





Kila baada ya walima au futari ya pamoja, sufuria huoshwa na makombo humwagwa jalalani: ukoko, wali uliobaki, maganda ya ndizi, majani ya mboga. Hatua chache kutoka hapo huenda anaishi mjane ambaye wanawe hupitisha wiki nzima bila kuonja yai. Israfu si kupika kingi tu. Ni israfu pia kutupa kile ambacho kingekuwa riziki ya mwingine.

Allah (s.w.) amemjaalia kuku wa kienyeji uwezo wa kugeuza makombo kuwa yai na nyama. Huatamia mwenyewe, na baada ya siku 21 huangua vifaranga. Kinyesi chake kikishaoza ni mbolea ya bustani.

Atasema msemaji: kuku wetu tayari hula makombo, kwani hushinda jalalani. Hapo ndipo penye kosa. Mtume (s.a.w.) alikataza kuliwa jallala, yaani mnyama alaye najisi, na imepokewa kwamba Ibn Umar (r.a.) akimfungia kuku wa namna hiyo siku 3 kabla ya kumchinja. Alacho kuku hutufikia sisi. Basi makombo yatengwe jikoni, kabla hayajachanganyika na uchafu na mifuko ya plastiki, na yaliwe siku hiyo hiyo. Yaliyoota ukungu yasipewe kuku kabisa, kwani huweza kuwa na sumukuvu. Tena makombo pekee hayatoshi: kuku anahitaji maji safi, pumba kidogo, na nafasi ya kuchakura wadudu.

Hata hivyo, juhudi zote hizi hubatilishwa na kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Ugonjwa huu huweza kumaliza kuku wa mtaa mzima kwa siku chache, na hauna tiba. Kinga yake ni chanjo ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi 3. Lakini kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na kikishafunguliwa hakiwekwi akiba. Mwenye kuku wanne hukiona ghali, huacha, kisha hupoteza wote.

Jambo lisilowezekana kwa mmoja huwa jepesi kwa jamaa. Kila msikiti utangaze siku ya chanjo baada ya swala ya Ijumaa, majirani wachangie kichupa, na mtaalamu wa mifugo aalikwe. Jikoni kwa kila mmoja wetu iwepo ndoo ya makombo safi. Asiyefuga ampelekee jirani anayefuga. Na aliyejaaliwa uwezo atoe sadaka ya matetea wawili na jogoo, waliokwisha kuchanjwa, kwa nyumba ya mayatima.

Tusingoje mfadhili kutoka mbali. Tuanze na sinia ya leo.

Wabillahi tawfiq.