Leseni ya fundi wa kufuli isiwe risiti tu

Jioni moja ya muhula uliopita nilifika mlangoni pangu nikakumbuka kwamba funguo zangu zote nilikuwa nimeziacha ofisini, na jengo la idara lilikuwa limekwisha kufungwa. Jirani alinielekeza kwa fundi wa kufuli mwenye kibanda karibu na kituo cha matatu. Kijana huyo alikuja na vipande viwili vya waya, akachutama mbele ya kitasa, na kabla sijamaliza kumsimulia masaibu yangu mlango ukawa wazi. Nikamlipa na kumshukuru. Ni asubuhi yake, nikinywa chai, ndipo fadhaa iliponiingia: kijana yule hakuniuliza kama nyumba ile ilikuwa yangu.

Nilikwenda kibandani mwake kutaka kujua sababu. Alinionyesha kibali cha biashara cha kaunti kilichotundikwa ukutani, akasema kwa fahari kwamba ada ameilipa yote. Nilikisoma. Kilitaja jina la biashara, mahali ilipo na kiasi kilicholipwa. Kuhusu wajibu wa mtu anayefungua milango ya watu, hakikuwa na hata neno moja. Kilikuwa risiti.

Sisi tunaofundisha isimu hupenda kuwaonyesha wanafunzi jozi ya vitenzi funga na fungua, kama mfano wa kauli ya kutendua. Jambo tusilolitilia mkazo ni kwamba jina ufunguo halikuundwa kutokana na funga, bali fungua, ingawa kifaa chenyewe hufanya kazi zote mbili. Sidai kwamba waliolizua neno hilo walikuwa wakiwazia leseni! Lakini tofauti hiyo ndiyo inayokosekana katika kibali nilichokisoma. Kuuza kufuli ni biashara kama biashara nyingine. Kufungua kilichofungwa na mtu mwingine, au kuchonga nakala ya ufunguo wake, ni amana.

Wanaoumia ni wengi, na miongoni mwao ni wanafunzi wetu wanaopanga vyumba nje ya chuo. Mmoja wa wanafunzi wangu alirudi chumbani akakuta tarakilishi haipo, na ndani yake rasimu ya tasnifu ya miaka miwili. Mlango haukuvunjwa, kufuli halikuguswa. Swali aliloulizwa kituoni ni nani aliyempa ufunguo wake. Hakuna aliyeweza kumwambia waliopanga chumba kile kabla yake walichonga nakala ngapi, wala wapi, kwa kuwa hakuna anayeandika.

Kaunti haziwezi kusingizia kwamba mikono yao imefungwa. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa mamlaka ya kudhibiti biashara na kutoa leseni zake, isipokuwa udhibiti wa taaluma. Isitoshe, fundi mwenyewe anahitaji kinga. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya kuwa kosa la jinai mtu kupatikana nje ya makazi yake akiwa na kifaa cha kuvunjia nyumba au kuibia. Kijana aliyeitwa usiku kumfungulia mlango mtu kama mimi, na mfukoni ana nyaya zake, atamwonyesha polisi nini? Kibali kimebaki ukutani.

Miji mingine imelitambua jambo hili. Jiji la New York hutoa leseni maalumu kwa mafundi hawa, na mwombaji huchukuliwa alama za vidole. Katika jimbo la California, sheria humtaka fundi anayemfungulia mtu nyumba kuandika jina na anwani yake, na kupata sahihi yake. Uingereza, ambako tumezoea kukopa sheria, haina leseni ya serikali kwa kazi hii, kwa hiyo safari hii tusikope huko.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ninalikubali nusu yake. Kila karatasi mpya inayodaiwa na askari wa kaunti hugeuka kuwa mlango mpya wa hongo, na anayeumia ni mchuma riziki juani. Ndiyo maana sipendekezi ada mpya hata shilingi moja. Kibali kile kile kiandamane na kitambulisho chenye picha ambacho fundi atatembea nacho, pamoja na sharti la kuweka daftari: tarehe, jina la mteja, nambari ya kitambulisho chake, kazi iliyofanywa. Daftari hilo lifungiwe, na lisifunguliwe ila kwa uchunguzi wa uhalifu, maana orodha ya milango ya watu ni hatari ikizagaa, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za watu zihifadhiwe kwa uangalifu.

Juma lililofuata nilimpelekea kijana yule daftari la kurasa mia moja. Alilipokea kwa adabu, akalipekua, kisha akaniuliza: "Mwalimu, nikimdai mteja kitambulisho, naye akavuka barabara kwa mwenzangu asiyeuliza kitu, mimi nitakula nini?" Sikuwa na la kumjibu. Swali lake ninaliwasilisha kwa wawakilishi wa wadi, ambao wakitaka wanaweza kumlazimu na yule wa ng'ambo ya barabara aulize.