"Og" kwa Bei ya Kutupa? Onja Kwanza Ndipo Utume Hela

Kuna dada mmoja pale Tabora, mitaa ya Isevya, jina kapuni. Ana kibanda chake cha uwakala wa pesa, kutwa kucha yuko na hela za watu. Sifa yake kubwa mtaani ni moja: haachi mzee atapeliwe mbele ya macho yake. Akija bi mkubwa na namba kwenye karatasi, lazima amuulize, "Shikamoo mama. Huyu unayemtumia unamfahamu? Umempigia ukasikia sauti yake?" Ameokoa wengi sana.

Sasa huyo huyo dada ndiye aliyetuma 450,000 kwa mtu asiyemjua, kisa picha.

Na hela yenyewe ilikuwa ya mchezo, kaisubiria zamu yake miezi tisa. Pembeni ya uwakala anauza asali mtandaoni, anawatumia wateja wa Dar na Mwanza kwa basi. Simu yake ya zamani ilikuwa inatoa picha zenye ukungu, asali nzuri inaonekana kama mafuta machafu ya gari. Akataka simu yenye kamera ya maana. Ndipo akakutana na posti ya staa mmoja wa Bongo, naye jina kapuni, yule mwenye wafuasi kibao. iPhone mpya, boksi halijafunguliwa, punguzo la wiki moja tu. Simu ambayo dukani inapita milioni moja na nusu, pale laki nne na nusu. Staa kaishika mkononi, kacheka vizuri, kasema vitu vya duka hilo ni og na hata yeye ananunua hapo hapo.

Dada akazama inboksi.

"Karibu sana boss wangu. Imebaki moja tu, kuna mtu yuko njiani kuja kulipia."

"Kaka, naweza kulipa ikishafika? Niko Tabora."

"Mikoani tunatuma ukishalipia mpenzi, ndio utaratibu wetu."

Akalipia.

Na mzigo ulifika! Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanadhani tapeli ni yule anayekula hela na kutokomea tu. Kesho yake usiku basi likashusha boksi zuri, nailoni yake juu, kila kitu mahali pake. Simu ikawaka, tufaha likatokea. Asubuhi akampelekea fundi simu wa jirani amhamishie namba zake. Fundi akaipima uzito mkononi, akaingia sehemu ya kupakua programu, akamwangalia kwa huruma.

"Dada yangu, iPhone gani hii ina Play Store?"

Ilikuwa Android imevalishwa nguo za iPhone. Nyuma kamera tatu, inayopiga picha ni moja, mbili ni vioo vya mapambo. Kumrudia muuzaji, kapigwa bloku. Kuandika komenti kwenye posti ya staa, ikafutwa. Ilipofika jioni staa kazima komenti zote, maisha yanaendelea.

Watu wa mitandaoni kesi kama hii wanaimaliza kwa neno moja: tamaa. "Ulitegemea nini kwa laki nne?" Nusu ya maneno hayo ni kweli. Punguzo la kweli huwa na sababu, na sababu yake inasemeka. Simu ni used, toleo limepitwa, boksi limepotea, kioo kina mchubuko. Raba imebaki saizi 38 peke yake. Muuzaji ukimuuliza kwa nini kitu ni rahisi hivi, akakujibu sababu unayoweza kuikagua kwa macho, hapo kuna mazungumzo. Akikujibu "ofa tu mpenzi, wahi", ujue sababu ipo ila hataki uijue.

Lakini kusema tamaa na kuishia hapo ni kumsaidia mwizi. Yule dada si mjinga. Kosa lake ni kwamba alipima kitu kwa vipimo ambavyo tapeli mwenyewe ndiye aliyempa: picha, boksi, na sura ya mtu maarufu. Kipimo chake mwenyewe alikiacha nyumbani.

Maana mtu wa Tabora vipimo anavyo. Nenda umuuzie asali kwa kumwonyesha lebo uone. Utamwambia imetoka Sikonge, utamwambia ya miombo, ya nyuki wadogo, atakusikiliza kwa adabu zote halafu atanyoosha kidole aonje. Ukimkatalia kuonja, biashara imeishia hapo, hata kama chupa yako ina stika ya dhahabu. Hakuna anayemwita huyo mshamba. Sasa kwa nini asali ya elfu kumi ionjwe, halafu simu ya laki nne na nusu ilipiwe kwa picha?

Na hili si jambo geni kwa mji huu. Miaka ya 1800 Tabora, enzi hizo Unyanyembe na Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Kitambaa kilichotamba sana kilikuwa merikani, pamba nzito isiyopaushwa iliyoletwa Zanzibar na meli za Salem, Massachusetts, kule Marekani. Hiyo ndiyo ilikuwa "brandi" ya zama hizo, na ilitumika kama hela kabisa, inapimwa kwa shuka na doti. Wafanyabiashara wa Uingereza walipoona soko wakaleta vitambaa vya kuigiza. Wanunuzi wa huku wakavishika, wakavipima kwa vidole, wakavijua. Hadi kwenye ushanga watu walikuwa wakali. Stanley alipojiandaa na safari yake ya mwaka 1871 aliambiwa mapema kwamba Unyamwezi wanataka mwekundu, ukiwapelekea rangi nyingine umebeba mzigo bure. Hakuna aliyekuwa na intaneti, ila mali ilifunguliwa, ikashikwa, ndipo ikalipiwa.

Kuna kipande kingine cha hadithi hiyo chenye funzo kubwa zaidi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata ile biashara, na baadaye viwanda vya Bombay vikaliteka soko. Kitambaa kikawa kinatoka India, ila jina likabaki merikani, na hadi leo bibi zetu wanaliita hivyo hivyo. Jina linaweza kubaki pale pale wakati kitu chenyewe kimeshabadilika. Tufaha nyuma ya simu ni jina. Alama ya vema kwenye raba ni jina. Neno "og" ndilo limechoka kuliko yote, siku hizi hadi mtu anakuuzia "kopi og" na anakuangalia usoni bila aibu.

Kwa hiyo mtandaoni usianze kuuliza "hii og?" Hilo swali kila muuzaji analijibu ndiyo. Uliza, "Utaniruhusu niionje vipi kabla hela haijatoka?" Jibu lake ndilo litakuonyesha ni mtu wa aina gani.

Ukiwa mkoani kuonja kunawezekana kabisa. Mwambie akurekodie video ya kitu chenyewe, si picha ya kuokota, pembeni kuwe na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Simu aiwashe, aingie kwenye mipangilio, abonyeze *#06# uione IMEI. Hiyo namba itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ya TCRA, utajibiwa ni simu ya kampuni gani na toleo gani. Jibu likija na jina tofauti na lililoandikwa mgongoni, kaa na hela yako. Hili si la mchezo, Juni 2016 TCRA ilizima simu feki nchi nzima na watu wakabaki na mapambo mfukoni. Ila usiishie hapo, maana namba nayo inaweza kuibwa kutoka simu halali. Kama ni raba, omba picha ya lebo ya ndani, ile yenye saizi na namba ya toleo, uitafute mwenyewe uone kama ni kiatu kile kile na rangi ile ile.

Akaunti nayo ina historia yake. Instagram inaonyesha ilifunguliwa lini na imebadilisha jina mara ngapi. Duka lililokuwa ukurasa wa vichekesho mwezi uliopita halina wateja wa miaka mitano.

Njia ya uhakika kuliko zote ni ya kizamani: mtu wako. Kila familia ya Tabora ina binamu au shemeji Dar. Mwombe apite dukani, akishike, alipie yeye, adai risiti ya EFD. Muuzaji mwenye duka Kariakoo atafurahi kutembelewa. Anayekwambia "sisi ni mtandaoni tu, hatuna ofisi" na hapo hapo hataki kulipwa mzigo ukifika, huyo keshajieleza.

Haya, turudi kwa staa. Kuna wanaomtetea kwamba yeye alilipwa atangaze tu, hakuuza. Hapana. Yule dada hakumwamini muuzaji, alimwamini staa. Kilichouzwa pale kilikuwa jina lake, simu ilifuata nyuma. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja, na bidhaa bandia zina sheria yake tangu 1963, ile ya Alama za Bidhaa, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Lakini hata ukiweka sheria pembeni, kuna uungwana. Ukisema "hata mimi nanunua hapa" na hujawahi kununua, umesema uongo mbele ya watu waliokufanya uwe staa. Na ukifuta komenti ya mtu anayelia, umechagua upande. Angeacha ile komenti moja tu, wa pili asingetuma.

Wapo pia wanaosema maskini naye apendeze, og zenyewe nani ataziweza? Kuna ukweli, watu wana mishahara midogo na macho yanaona. Lakini mtumba mzuri si aibu, simu used ya kweli si aibu, na raba isiyo na jina inatembea vizuri tu. Kinachoumiza si kuvaa cha bei ndogo, ni kulipia jina halafu ukapewa jina peke yake. Chaja feki inaweza kuunguza nyumba, krimu feki inaweza kuharibu uso, na uso haurudishwi kwa muuzaji.

Yule dada alikaa kimya wiki tatu kwa aibu. Mtaa mzima unamjua kwa kuwaonya wengine, angeanzia wapi? Mwishowe akaiweka ile simu kwenye kaunta ya kibanda chake. Mteja akija na namba ya muuzaji wa mtandaoni, hamwambii mengi. Anamkabidhi ile iPhone, anamwambia, "Ishike mama, ifungue uone." Na wateja wake wapya wa asali kule Dar siku hizi anawatumia kwanza kichupa kidogo cha kuonja. Picha bado zina ukungu, ila oda zinarudi.

Je, staa anayetangaza feki arudishe hela za watu, au kila mtu abebe msalaba wake? Tiririka kwenye komenti hapo chini.