AMANA YA POSTA

Anayetia kifurushi posta hukitia amana. Watu wengi hudhani ukaguzi wa barua ni mambo ya wakubwa na wapelelezi, kumbe khasara yake humfikia hata mpiga picha aliyefunga mkanda wake kwa karatasi na uzi.

Mwaka 2001, huko Marekani, barua zilitiwa vijidudu vya kimeta na watu 5 wakafa. Wawili katika hao walikuwa wafanya kazi wa nyumba ya posta ya Brentwood, Washington. Ofisi za Maseneta zilifungwa mapema. Brentwood iliachwa ikifanya kazi mpaka tarehe 21 Oktoba. Hatukustaajabu.

Baadaye Serikali ya huko iliamrisha barua ziendazo katika ofisi zake za Washington zipitishwe kwenye mionzi mikali ya kuua vijidudu. Kwa hilo hatuilaumu, kwani roho moja ya mfanya kazi ni bora kuliko picha elfu. Lakini mionzi haimjui adui wala rafiki. Karatasi ziligeuka manjano zikawa kavu za kuvunjika, na watengenezaji wa filamu wakaonya kwamba mkanda usiosafishwa hauponi humo. Fedha iliyomo katika mkanda huipokea mionzi kama inavyoupokea mwanga. Ikishapigwa huingia ukungu wote, wala hakuna fundi wa kuirudisha. Na mwenyewe hana khabari mpaka siku ya kuusafisha.

Barua nyingi za raia wa kawaida hazikupitishwa humo, tunakiri. Hata hivyo baadhi ya vifurushi viendavyo kwa ndege hupigwa eksirei, nayo pia hudhuru mikanda, khasa ile myepesi ya kupokea mwanga. Abiria katika viwanja vya ndege vya Marekani ana ruhusa ya kuomba mikanda yake ikaguliwe kwa mkono. Bahasha haina mdomo wa kuomba.

Hapo ndipo penye hoja yetu. Serikali yo yote na ilinde watu wake, lakini itangaze pale dirishani panapouzwa stempu, kabla ya kupokea fedha ya mtu, ni kifurushi gani kitakachopigwa mionzi, na njia gani nyingine ipo. Mkanda mpya hununuliwa dukani; picha za arusi iliyokwisha pita, au za mzee aliyekwisha zikwa, haziuzwi po pote.

Wenye jamaa ng'ambo wanaoletewa mikanda wawaambie waandike juu ya kifurushi, kwa herufi kubwa, kuwa ndani mna filamu isiyosafishwa, na waulize dirishani kabla ya kulipa.